Insha ya Mjadala: Vijana na Kura Nchini Kenya

Swali: "Vijana wa Kenya wameipa siasa kisogo." Jadili.

Neno "jadili" linakutaka uonyeshe pande zote mbili, kisha utoe msimamo. Watahiniwa wengi huwaita vijana wavivu kutoka aya ya kwanza hadi ya mwisho. Hiyo ni lawama, si hoja. Hoja kamili ina dai, sababu na ithibati.

Hoja za kuunga mkono

1. Usajili umeshuka. Katika uchaguzi wa 2022, vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa takriban asilimia 40 ya wapigakura waliosajiliwa. Idadi yao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na mwaka wa 2017.

2. Imani imefifia. Kijana aliyeahidiwa kazi katika kampeni mbili mfululizo na angali anatafuta kibarua huona kura haina faida.

Hoja za kupinga

1. Siasa si kura pekee. Mnamo Juni 2024, vijana waliandamana katika miji mingi kupinga Mswada wa Fedha. Baadhi yao waliuawa. Rais alikataa kuutia sahihi mswada huo.

2. Kukosa kupiga kura si kukataa kupiga kura. Hakuna anayesajiliwa bila kitambulisho cha kitaifa au pasipoti, na wapo vijana wanaosubiri kitambulisho kwa muda mrefu.

Mfano wa hitimisho

Kwa maoni yangu, vijana wanaijali siasa, ila wengi hawafiki debeni. Mwaka wa 2022, mshindi wa urais alimpita mpinzani wake wa karibu kwa kura zipatazo 233,000, kati ya zaidi ya milioni 14 zilizopigwa. Vijana wa kaunti moja kubwa wanatosha kuziba pengo hilo. Maandamano yalizuia mswada. Wabunge walioupitisha huondolewa kwa kura.

Tanbihi: Usibuni takwimu. Kama huna hakika, tumia mfano wa mtaani kwenu.

Zoezi

Zungumza na mtu mmoja ambaye hakupiga kura mwaka wa 2022 ingawa alikuwa ametimiza umri. Iandike sababu yake katika aya yenye dai, sababu na ithibati, bila kumtaja jina. Kisha ujiulize: nikifikisha miaka 18, sababu hiyo itanizuia na mimi?