Mama anasema ameshakula

SWALI: Msomaji wa Goba anauguza mama yake mwenye demensia. Mchana mama hubaki na dada wa kazi, husema ameshakula, ila magauni yanampwaya. Afanyeje?

JIBU: Ayaamini magauni. Demensia hufuta kumbukumbu ya mlo na hata hisia ya njaa.

Ampime uzito kila mwezi: mwenye kilo 60 akipoteza 3 ndani ya mwezi mmoja, apelekwe hospitali. Vivyo hivyo akipaliwa mara kwa mara. Meno mabovu na baadhi ya dawa nazo huua hamu ya kula.

Uji wa ulezi utiwe maziwa na karanga zilizosagwa laini. Zaidi ya yote, dada akae ale naye. Mgonjwa huiga mkono anaouona.

Msomaji hayuko peke yake: wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walikuta takriban wazee 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia.