SSD au kadi ya michoro: kipi kwanza?

*Nina Dell OptiPlex 7020 ya mtumba, ile ya kasha kubwa la kusimama: prosesa Core i5-4590, RAM GB 8, haina kadi ya michoro. GTA V inakwamakwama. Rafiki ananishauri ninunue SSD. Nimsikilize? Msomaji, Morogoro*

Wasiwasi wa msomaji una msingi: fedha ni kidogo, vipuri ni vingi. SSD itafanya gemu ifunguke haraka, lakini picha zitaendelea kukwama. Kinacholemewa hapa ni sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa, Intel HD 4600, ambayo pia huazima RAM ya kompyuta.

Ajipimie mwenyewe. Ashushe ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720. Gemu ikilainika, tatizo ni michoro. Isipobadilika, ashuku prosesa.

Kwa mashine hii kadi itangulie. GTX 1650 ya GB 4 inatosha, na zipo zisizohitaji waya wa ziada wa umeme: wati 75 hupitia kwenye ubao mama. Apime urefu wa nafasi ndani ya kasha kabla ya kulipa. RAM ya GB 16 ifuate baadaye.

Kompyuta ikijizima katikati ya mchezo, asilazimishe. Ampelekee fundi akague pawa saplai.