Petroli Inayopotea Katika Breki

Tanzania haichimbi mafuta ghafi. Kila lita ya petroli inayochomwa katika barabara zake hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na tangu bei ya pipa ilipopanda kutoka dola 3 hivi mwaka 1973 hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974, madereva wamekuwa wakitafuta njia za kubana matumizi. Baadhi ya njia hizo zina msingi katika fizikia. Nyingine hazina, na moja kati ya hizo huua.

Chukua mfano wa gari lenye tungamo la kilogramu 1,200 linalokwenda kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde. Nishati-mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Jibu ni jouli 296,000 hivi. Lita moja ya petroli ina jouli milioni 32 hivi, lakini injini hugeuza takriban robo yake tu kuwa kazi, na iliyobaki hutoka kama joto kwa njia ya rejeta na ekzosi. Kwa hiyo kulifikisha gari kwenye kasi hiyo mara moja tu hugharimu mililita 37 za petroli. Dereva akikanyaga breki mpaka gari lisimame, nishati hiyo yote hugeuka joto katika breki, wala hairudi tangini. Akifanya hivyo mara 27, lita nzima imekwisha.

Tofauti ya madereva huonekana wanapokaribia matuta ya vijijini. Mmoja huliona tuta mapema, huinua mguu, na kuliacha gari lipungue mwendo lenyewe likiwa ndani ya gia. Mwenzake hukanyaga mafuta mpaka mita chache za mwisho: amenunua kasi ambayo ataitupa papo hapo.

Hewa nayo hudai sehemu yake. Kani ya ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi; kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa huongezeka kwa asilimia 56, na muda unaookolewa katika safari ya kilomita 100 ni dakika 15. Hesabu ya aina hii ndiyo iliyoifanya Marekani mwaka 1974 iweke kikomo cha maili 55 kwa saa, kilichofutwa mwaka 1995.

Kuhusu matunzo, upepo wa matairi upimwe asubuhi yakiwa baridi, kwani tairi lililolegea hukunjika zaidi kila lizungukapo. Chujio la hewa lililoziba liliongeza sana matumizi katika injini za kabureta. Injini za siku hizi hupima hewa na kupunguza petroli kulingana nayo, hivyo chujio chafu hupunguza nguvu zaidi kuliko linavyoongeza matumizi.

Imebaki desturi ya kuteremka mlima kwa gia huru, au hata kwa kuzima injini. Katika injini hizo mpya faida yake haipo: gari likiteremka ndani ya gia, mguu ukiwa umeinuliwa, petroli hukatwa kabisa, ilhali katika gia huru injini huendelea kunywa ili isizimike. Injini ikizimwa, msaada wake kwa breki na usukani hutoweka pia.

Mwalimu awape wanafunzi hesabu ya mteremko wa Kitonga, Iringa. Lori la tani 30 likishuka kimo cha mita 100 hupoteza jouli milioni 29 za nishati ya mvutano. Likiwa ndani ya gia ndogo, injini hubeba sehemu ya mzigo huo. Likiwa katika gia huru, karibu zote huangukia breki, nalo ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji.