Dondoo muhimu: Mfundishe mtoto kusema anachohisi

Mtoto wa miaka 2 hadi 5 huwa na hisia nyingi kuliko maneno aliyonayo. Ndiyo maana hujitupa chini, hupiga au hung'ata. Msaidie hivi:

• Itaje hisia yake. "Umekasirika kwa sababu kaka amechukua gari lako." Akilisikia neno mara kwa mara, atalitumia mwenyewe.

• Mwonyeshe dalili za mwilini. Moyo unakwenda mbio, ngumi zimekunjwa, machozi yanamlengalenga: muulize anahisi wapi.

• Usimkataze kulia. Kumwambia "Mwanaume halii" humfundisha kuficha hisia, hakumfundishi kutulia.

• Kubali hisia, zuia kitendo. Mshike mkono kwa upole: "Kukasirika ruhusa, kumpiga mwenzako hapana. Mwambie: sipendi, nirudishie."

• Subiri atulie. Katikati ya kilio hashiki mafunzo. Chuchumaa mtazamane, mpakate, mvute pumzi pamoja polepole. Mazungumzo yafuate baadaye.

• Taja na hisia zako. "Mama amechoka, anapumzika kidogo kisha tutacheza." Watoto huiga wanachokiona.

• Tumia hadithi. Ukishamsimulia ya Sungura na Fisi, muulize: "Fisi alipogundua amedanganywa, alijisikiaje? Wewe ungefanya nini?"

Akibadilika ghafla, akawa mnyonge, akakosa hamu ya kula au kucheza, au akawa anashtuka usingizini kwa wiki kadhaa, zungumza na mwalimu wake na umpeleke kituo cha afya. Usingoje aseme mwenyewe.