Oili ya Gari: Soma Kijiti, Usingoje Taa

Madereva wengi huikumbuka oili pale inapowaka taa nyekundu ya dashibodi, ile yenye picha ya birika linalodondosha tone. Taa hiyo haipimi kiasi cha oili. Inapima presha yake ndani ya injini, na presha ikishuka hadi taa kuwaka, huenda vyuma vimeshaanza kusagana. Ikiwaka safarini, simama mahali salama uzime injini. Usijikongoje hadi gereji eti ni hapo tu mbele.

Kiasi kinasomwa kwenye kijiti cha oili. Egesha pasipo mteremko, zima injini, subiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke kwenye sampu, yaani bakuli lake chini ya injini. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, kisha chomoa tena usome. Oili iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Kwa magari mengi madogo, nafasi kati ya alama hizo ni kama lita 1, kwa hiyo ukiongeza, mimina kidogo kidogo huku ukipima.

Ikipungua

Krankishafti huzunguka ndani ya beringi bila kuzigusa, kwa sababu kati yake kuna utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Ukipanda mlima mkali kama Kitonga au ukikata kona kali, oili huegemea upande mmoja wa sampu. Ikiwa ni chache, pampu hufyonza hewa. Utando hukatika, beringi hupata moto na kukwaruzika, na ndipo unasikia ule mlio wa ngo-ngo-ngo: injini imenoki. Turbo nayo hutegemea oili hiyo hiyo, na haina uvumilivu.

Ikizidi

Hapa ndipo tunapobishana na wengi. "Bora izidi kuliko ipungue," husema. Sivyo. Oili ikifika kwenye krankishafti, huchapwa kama mayai ya keki hadi inatoka povu. Povu ni hewa, na pampu inayosukuma povu haijengi presha ya kutosha. Aliyezidisha anaishia kwenye beringi zile zile zilizoungua za aliyepunguza. Zaidi ya hapo, oili huvuja kwenye sili au huvutwa ikaungue pamoja na mafuta, na gari likatoa moshi wa bluu. Ikizidi alama ya juu, fundi aipunguze kabla hujaondoka.

Ikichafuka

Weusi peke yake usikutishe. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi mapema baada ya sevisi, kwa kuwa kazi yake mojawapo ni kubeba masizi. Tishika ukiona rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti: maji yameingia, mara nyingi kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Tishika pia oili ikinuka petroli, au kijiti kikionyesha imepanda na hakuna aliyeongeza. Oili haizaliani, kuna kitu kimeingia, na kinaipunguzia uzito.

Vumbi huharibu polepole. Filta ya hewa iliyochanika hupitisha mchanga laini unaosugua ringi na silinda kama msasa. Hata ile chupa ya maji iliyokatwa ikawa faneli, ikishinda chini ya benchi la fundi, humimina mchanga pamoja na oili mpya.

Jihadhari na oili iliyotumika inayochujwa na kuuzwa tena. Kitambaa huzuia takataka kubwa tu; asidi, petroli na masizi laini hupita, na viungo vya kulinda vyuma vilishakwisha. Nunua kopo lenye lakiri, lifunguliwe mbele yako, na likiisha litoboe mwenyewe kabla ya kuondoka gereji, lisije likajazwa tena na kuuziwa mwenzako.