Pasheni kwenye waya, tangu mche ungali mdogo

Ukipita vihambani Marangu, Kibosho au Uru utaona pasheni zimepanda juu ya mparachichi. Mtu alichomeka mche chini ya mti, mche ukajitafutia njia, na leo matunda yako juu kiasi kwamba yanayoingia jikoni ni yale tu yaliyodondoka na kuokotwa na watoto. Misimu michache baadaye mmea unajifungamanisha, katikati kunakauka, majani yanabaki nje peke yake, na mwenye kihamba anaanza kusema pasheni imezeeka. Mara nyingi mmea huo bado mchanga. Umekosa waya na mkasi.

Shika hili kabla ya mengine: pasheni huzaa kwenye chipukizi jipya. Ua hutoka kwenye kwapa la jani, kwenye tawi lililokua msimu huu huu, na sehemu iliyokwisha kuzaa haizai tena. Wakulima wa mlimani wana nusu ya somo hili tayari, maana wamekulia kwenye kahawa. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, ambacho leo ni makao ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kilianzishwa mwaka 1934, na kupogoa mibuni ni kazi ambayo watoto wa vihambani huiona kwa wazazi wao. Ila mbuni hukuza tawi mwaka huu ukazaa mwaka ujao. Pasheni haingoji. Kwa hiyo kila utakachofanya kwenye waya kina shabaha moja: matawi mapya yaendelee kutoka, tena yatokee penye mwanga na hewa.

Kuanzia kama mita 1,200 kwenda juu, kwenye ukanda wa migomba na kahawa, panda pasheni ya zambarau. Moshi mjini, ambako ni chini ya mita 1,000, na kushuka hadi Kahe, ya njano hustahimili joto vizuri zaidi. Hata huko juu, nunua mche uliobebeshwa: shina la chini la njano, la juu la zambarau. Njano huvumilia mnyauko wa fuzari na minyoo fundo, na hayo yakishaingia kwenye udongo wako huna dawa ya kuyatoa. Muuza miche akishindwa kukuonyesha kovu la kubebesha, mwachie mche wake.

Waya utangulie mche. Wengi hupanda masika yanapoanza wakisema nguzo watatafuta baadaye, na kabla hela ya nguzo haijapatikana mche umeshatambaa chini na kujisokota kwenye maharage. Tafuta nguzo za futi nane, za mgrevilea au mkaratusi uliokomaa. Fukia futi mbili, zibaki futi sita juu, karibu mita 1.8, kimo ambacho mtu mzima anafika bila ngazi. Mwisho wa nguzo unaofukiwa uchome juujuu mpaka uwe mweusi, mchwa watachelewa kuula. Oili chafu ambayo watu hupaka itaingia kwenye udongo ule ule unaotaka kuulisha mche, mimi sioni sababu ya kuitumia. Nafasi kati ya nguzo na nguzo iwe mita 6. Zile za mwanzo na mwisho wa mstari ziwe nene, na kila moja iwe na mhimili wa kuizuia isivutwe, kwa kuwa pasheni iliyojaa matunda na kulowa mvua ni nzito sana. Kaza waya mmoja, geji 14, juu ya vichwa vya nguzo.

Vitabu vingi hushauri mistari ielekee kaskazini na kusini ili jua liangaze pande zote mbili. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro mimi nafuata kontua, hata kama mstari utakwenda mashariki na magharibi. Tuko karibu na ikweta, jua litafika tu, lakini udongo uliosombwa na masika hauwezi kuurudisha. Weka mistari pembezoni mwa kihamba, ndani ya mpaka wa masale, mahali ambapo migomba haijafunga mwanga. Masale yenyewe usiyafunge waya. Yanalinda mpaka na yanabeba heshima ya ukoo, hayakupandwa yawe nguzo.

Miche iwe na mita 3 kati yake, miwili kwa kila nafasi ya nguzo mbili, na mstari hadi mstari mita 2 au zaidi. Shimo la sentimita 45 kila upande linatosha, lijazwe udongo wa juu uliochanganywa na debe moja la samadi iliyooza barabara. Kovu la kubebesha libaki juu ya udongo, shubiri moja ikiwezekana. Ukilifukia, sehemu ya zambarau itatoa mizizi yake yenyewe na faida yote ya kubebesha itapotea.

Sasa malezi yanaanza, na hapa ndipo pa kuweka moyo. Funga kamba kutoka kwenye waya mpaka kwenye kigingi kidogo pembeni ya mche. Usiifunge kwenye shina, kwa sababu shina litanenepa na kamba italikaba. Mche ukianza kuchipua chagua machipukizi mawili yenye nguvu na uyazungushe taratibu kwenye kamba. Mengine yote yanayotoka pembeni yaondoe kila wiki yakiwa bado laini, kwa kidole gumba na cha shahada, yanavunjika yenyewe. Ukisubiri mpaka yahitaji mkasi, mmea umeshapoteza chakula kingi kwa tawi ambalo hutalihitaji.

Chini ya kovu angalia kwa jicho kali zaidi. Shina la njano halikubali kufa kimya. Litatoa chipukizi lake, na chipukizi hilo lina nguvu kuliko la zambarau. Utalitambua kwa rangi: vijikamba vyake vinavyojisokota na mashina machanga huwa na wekundu au uzambarau, ambapo vya pasheni ya zambarau ni kijani. Ling'oe kuanzia linapotokea, usilikate tu. Ukiliacha mwaka mmoja utashangaa kihamba chako cha juu kinatoa matunda ya njano, machache na machachu kwa baridi.

Machipukizi mawili yakipita waya kwa kipimo cha kiganja, yalaze: moja kulia, jingine kushoto. Hayo ndiyo mikono ya mmea. Yafunge kwa kamba ya mgomba iliyoloweshwa, kwa kitanzi kilicholegea. Kamba hiyo haikati ganda, na ikioza mkono umeshashika wenyewe. Mikono ya miche miwili ikikutana, kata ncha zote mbili. Tawi lililolazwa na kukatwa ncha huamsha macho yake yote, na kutoka kila fundo kutateremka tawi la kuzalia.

Matawi hayo yaache yaning'inie kama pazia kutoka kwenye waya. Kazi yako ni kuvunja vijikamba vinavyoyashikanisha. Inachosha, na wengi huiruka, lakini pazia lililoshikana halipitishi hewa, na katika ukungu wa Juni hadi Agosti huko Machame au Kirua Vunjo unyevu unaobaki ndani ndio unaoleta madoa ya kahawia kwenye majani na matunda. Tawi likikaribia ardhi, likate shubiri moja juu ya udongo ili lisipigwe na tope la mvua.

Matunda ya kwanza huja miezi saba hadi tisa tangu kupanda, huku juu kwenye baridi hata baadaye kidogo. Yaache yadondoke yenyewe na uyaokote kila siku. Maua ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na wanaoyachavusha vizuri ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Ukilazimika kupiga dawa, piga jioni. Gogo kavu la mringaringa likiwepo karibu na mstari, liache wajengee humo.

Mavuno yakipungua, chukua mkasi. Kila tawi lililozaa likate kama sentimita 30 kutoka kwenye mkono, juu kidogo ya fundo lenye jicho hai. Usikate mpaka kwenye mkono wenyewe, kwa maana macho mazuri yako kwenye kile kipande unachokiacha. Yaliyokauka kabisa yaondoe yote. Wakati ninaoupendelea ni Septemba, baridi ikishaachia na vuli ikiwa mlangoni, na kama mmea umejaa tena, Januari au Februari kabla ya masika. Pogoa siku yenye jua, umande ukishakauka. Kidonda kilichofunguliwa kwenye mvua ni mlango wa ugonjwa.

Uwe na chombo chenye Jik iliyochanganywa na maji, na uchovye mkasi kila unapohama mche mmoja kwenda mwingine. Kuna ugonjwa wa virusi unaofanya jani liwe na mabaka na mikunjo, na tunda liwe dogo, gumu, ganda nene na maji haba ndani. Huenezwa na vidukari, na huenezwa pia na kisu cha mkulima anayetoka shina gonjwa kwenda zima. Dawa yake haipo. Mche ukionyesha dalili hizo ung'oe siku hiyo hiyo na uuchome, hata kama una maua. Kwa sababu ya vidukari hao hao, usipande maboga wala matango chini ya waya. Na majani unayokata usimtupie ng'ombe zizini, hasa kama ulipiga dawa.

Ukilea hivi utavuna vizuri miaka mitatu hivi. Baada ya hapo hata mkasi haurudishi nguvu. Ng'oa, na pasheni mpya ianze mahali pengine, si kwenye shimo lile lile. Nguzo na waya vinabaki, na aliye juu kabisa, karibu na msitu, anaweza kuviwekea mti: tufaha la aina ya Anna, lililozalishwa Israeli na lisilodai baridi kali. Ongeza waya mbili chini ya ule wa juu, wa kwanza sentimita 50 kutoka ardhini. Mche ukate juu kidogo ya waya wa chini, na katika machipukizi yatakayotoka acha matatu, moja lipande na mawili yaende pande mbili. Usiyalaze ghafla. Msimu wa kwanza yafunge mshazari kwenye vijiti, yakirefuka yashushe polepole mpaka yalale kwenye waya, yangali mabichi. Tawi lililolala hupunguza mbio za kurefuka na kugeukia kutengeneza maua. Kisha rudia kwenye waya wa pili na wa tatu.

Ila mkasi wa pasheni usiuhamishie huku. Tufaha huzaa kwenye vijitawi vifupi vinavyodumu miaka, na ukivikata umekata mavuno ya miaka hiyo. Jambo jingine ni kwamba kwetu mti hauangushi majani wote kwa pamoja, hivyo maua hutoka kidogo kidogo bila mpango. Huko Batu, Indonesia, wakulima wa matufaha hunyofoa majani yote kwa mkono baada ya kuvuna, na mti huamka na kuchanua kwa pamoja. Kwenye waya kazi hiyo ni nyepesi, maana kila jani liko mbele yako kwa kimo cha mkono. Nyofoa jani taratibu, ili jicho lililo kwapani lisitoke nalo.