Kifua kikuu kimoja, koo nyingi

Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam, ameiletea safu hii swali kutoka nyumbani kwao. Baba yake mdogo aligundulika na kifua kikuu, na kabla hajamaliza dozi, mdogo wake msomaji naye akaanza kukohoa na kutokwa jasho usiku. Msomaji mwenyewe hana hata homa, ingawa wote walilala chumba kimoja. Anauliza: vijidudu si ni vilevile? Mbona vimemwangusha mmoja na kumwacha mwingine?

Kwa nyumba hiyo, huenda ni vilevile kweli. Tofauti ya ndugu hao wawili mara nyingi hutokana na miili yao: VVU, kisukari, lishe, sigara, na kiasi cha hewa chafu ambacho kila mmoja alivuta. Kati ya watu wanaoambukizwa, ni asilimia 5 hadi 10 tu wanaokuja kuugua maishani.

Lakini mtu akitoka nyumba moja kwenda nyingine, vijidudu havifanani. Kijidudu ambacho Robert Koch alikitangaza mjini Berlin mwaka 1882 kina vinasaba vyenye herufi zipatazo milioni 4.4, na tofauti za herufi hizo hukigawa katika koo kadhaa. Ukoo wa kwanza umeenea kuzunguka Bahari ya Hindi, wa pili una asili ya Asia Mashariki, wa tano na wa sita hazipatikani kwa wingi ila Afrika Magharibi. Ukoo wa nane ulitangazwa mwaka 2020, kwa vielelezo vya mgonjwa mmoja wa Rwanda na mwingine wa Uganda. Temeke yenyewe imechunguzwa: vinasaba vya vijidudu vya wagonjwa zaidi ya 1,000 vilionyesha koo nne, na unaoongoza ni wa tatu, ambao asili yake ni Asia. Bandari na biashara ya karne zilizopita zimeacha alama hadi kwenye makohozi ya watu wa leo.

Je, kinga ya mwili inaona tofauti hiyo? Inaiona, tena mapema. Kijidudu kikishateremka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, humezwa na makrofaji, seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kula wavamizi. Zikishameza, hutoa kemikali za kuita msaada, na hapo ndipo uvimbe huanza. Mwaka 2011 watafiti walichukua makrofaji zilizokuzwa kutoka damu ya watu, wakaziambukiza aina 28 za vijidudu vya koo mbalimbali. Koo za karibuni, yaani wa pili, wa tatu na wa nne, ziliamsha uvimbe hafifu mwanzoni kuliko koo za kale. Kijidudu kisichopigiwa kelele mapema hupata nafasi ya kuzaliana.

Baadhi ya vijidudu vya kundi la Beijing, la ukoo wa pili, vina mafuta maalumu kwenye ukuta wao yanayopunguza mwito huo wa msaada. Watafiti walipoiharibu jeni inayoyatengeneza, ukali wa vijidudu ulipungua kwa panya. Na huko Gambia, mwaka 2008, ilionekana kwamba watu walioishi na wagonjwa wa koo za Afrika Magharibi waliambukizwa sawa na wengine, ila waliougua baadaye walikuwa wachache zaidi.

Jambo la kustaajabisha zaidi lilijitokeza mwaka 2010. Virusi vya mafua hubadili sura ili visitambuliwe. Kumbe kijidudu cha kifua kikuu hufanya kinyume: vipande vyake vinavyotambuliwa na seli T, zile askari wa kinga, karibu vyote havijabadilika kutoka ukoo hadi ukoo. Watafiti wengi wanaona kwamba kijidudu kinanufaika na kutambuliwa huko. Kinga ikikishambulia kwa nguvu, huchimba mashimo kwenye mapafu. Shimo likifungukia njia ya hewa, kila kikohozi humwaga vijidudu chumbani.

Hapo ndipo watengenezaji wa chanjo wanapoumiza kichwa, kwa sababu kuamsha kinga tu huenda kusitoshe. Chanjo ya BCG, inayotumika tangu 1921, huwakinga watoto dhidi ya aina kali za ugonjwa, lakini kwa watu wazima kinga yake haiaminiki. Chanjo iitwayo M72 iliingia majaribio ya mwisho mwaka 2024, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoshiriki.

Kwa msomaji wa Temeke, ukoo haubadilishi dozi. Kinachoibadilisha ni usugu wa dawa, na makohozi ya mdogo wake yakipimwa kwa mashine ya GeneXpert, usugu dhidi ya dawa ya rifampisini hujulikana kwa muda wa saa mbili hivi. Yeye mwenyewe, pamoja na watoto wote wa nyumba hiyo, waende zahanati wakachunguzwe hata kama hawakohoi. Wasiokutwa na ugonjwa waulize kuhusu tiba kinga, hasa walio chini ya miaka mitano na wanaoishi na VVU.